Kilichozinduliwa Hakizimwi

Kaeni, lakini msinisogelee sana, maana hadithi hii inanuka. Anayetaka ya waridi na asumini aende kwa msimulizi mwingine, mlango si huo? Yangu ni ya nchi iitwayo Utepeni, nchi nzuri tu, yenye bendera, wimbo na mikasi. Mimi sina ugomvi nayo.

Sheria za Utepeni ni nyingi, ila zinazojulikana hata na watoto wa chekechea ni mbili. Ya kwanza: kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Ya pili: kilichozinduliwa hakizimwi, mpaka kifungwe rasmi kwa mkono ule ule uliokizindua. Ndiyo maana mtawala wa nchi haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mheshimiwa Mkata Utepe Mkuu, na mkasi wake wa dhahabu una gari lake peke yake; hulazwa kiti cha nyuma juu ya mto wa hariri, ukafungwa mkanda. Mawaziri wana mikasi ya fedha. Wakurugenzi wana ya chuma cha pua. Chini ya hapo mtu hapewi mkasi, hupiga makofi.

Sheria hizi zimeleta utulivu mkubwa. Katika hospitali ya taifa kuna vitanda vipya vya kunyanyuka na kushuka, vimefungwa utepe mwekundu, vinamngoja mgeni rasmi tangu wauguzi wa leo wakiwa wanafunzi. Wagonjwa hulala sakafuni kando yake, na hawavigusi, ni watu wenye nidhamu. Upande wa pili wa mji kuna king'ora cha kiwanda cha sabuni kilichozinduliwa na Mkata Utepe aliyetangulia, ambaye alifariki kabla hajakifunga. Kiwanda kilishakufa, ila king'ora kinalia mpaka sasa hivi ninavyosema nanyi. Watu wa mtaa ule huposana, hugombana na kupeana pole kwa ishara za mikono. Wageni wakiuliza, huambiwa ni utamaduni.

*

Sasa katika Wizara ya Mota Ndogo, iliyokatwa kutoka Wizara ya Mota Kubwa siku mawaziri wawili walipokigombea kiti kimoja, alikuwamo mkurugenzi msaidizi aitwaye Injinia Shomvi Kapilima. Shomvi alizipenda mota tangu utotoni. Alikuwa akiokota feni mbovu jalalani, anazifungua, anazifunga, na zikizunguka anacheka peke yake. Mama yake, Bi Siwatu, alimsomesha kwa vitumbua. Alikaanga vitumbua miaka na miaka mlangoni pake, mpaka siku moja karai likapinduka na mafuta yakamla mguu. Akafunga kitambaa, akaendelea kukaanga, kwa sababu ada ya chuo ilikuwa bado. Kidonda kile hakikupona sawasawa tena, na sukari ilipomwingia mwilini kikawa kinafunga na kufunguka kinavyotaka chenyewe.

Shomvi, ingawa mkubwa serikalini, alikuwa bado anakaa kwa mama. Si kwamba hakuwa na nyumba. Serikali ilishamjengea huko Kilimani, vigae, bomba, sofa na kila kitu, ila ilikuwa haijazinduliwa. Kila Ijumaa alikuwa akipanda kwenda kuichungulia dirishani, anaitazama sofa yake iliyovikwa nailoni, kisha anateremka kwa mama kula muhogo.

Kwa mama ni mtaa wa Shimoni, na jina halikukosewa. Ardhi yake imekaa kama bakuli. Kila kinachomwagwa mjini huja kupumzika pale, na kwa kuwa uchafu haujui kupanda mlima wenyewe, wakoloni waliacha kibanda chenye pampu na mota ndogo. Mota ile ilikuwa ikiyasukuma maji machafu ya Shimoni juu kwa bomba, mpaka mgongoni mwa Kilimani, ambako mabomba ya vyoo vya wakubwa nayo huingia, kisha yote kwa pamoja yakaangukia bwawa la nyuma ya mlima. Ilikuwa mota kongwe, inakohoa, inakula umeme kuliko mashine ya kusaga. Lakini ilisukuma. Watu wa Shimoni walikuwa wakilala nayo inakohoa, na siku ikinyamaza ndipo wanapoamka.

*

Wakaja marafiki wa kutoka nje na vipimo vyao. Wakazunguka nchi nzima wakipima, wakasema mota ndogo za Utepeni zinakula umeme kama mgeni asiyekusudia kurudi tena. Lakini msizitupe, wakasema. Zifungueni, zisukeni upya kwa waya mzuri wa shaba, badilisheni beringi, zifungeni vidhibiti ili ziende mbio kwa kadiri ya kazi tu. Zitakula nusu ya zinavyokula leo. Ulikuwa ushauri mzuri, wa watu wazima, na ndiyo maana mimi niliposikia moyo ulinishtuka. Ushauri mzuri ukifika Utepeni huwa kama kuku aliyefika kwa mchinjaji akiomba maji.

Waziri wa Mota Ndogo, Mheshimiwa Pazi Kirungi, akasimama bungeni akasema, "Mota ndogo si ndogo, ila ni kubwa ambazo bado hazijajitambua." Wabunge wakalia machozi. Amri ikatoka kwamba mota zote ndogo za nchi zikusanywe, na katika Utepeni amri ya kuchukua haihitaji kuzinduliwa, wala haingoji kitu kifungwe rasmi, hiyo huanza papo hapo. Wakang'oa feni za madarasani vumbi likiwaangukia watoto. Wakachukua mota za mashine za kusaga, mahindi yakiwa nusu punje nusu unga. Wakaingia kwa vinyozi wakazinyakua mashine mikononi mwao, na mpaka leo ukimwona mzee wa Utepeni amenyoa upande mmoja, usimcheke. Ndugu wengine hawakuwa na roho ya kumalizia kwa wembe.

Na mota ya Shimoni ikang'olewa siku hiyo hiyo. Shomvi akaikarabati mwenyewe, kwa mikono yake. Hapo simdhulumu, alifanya kazi. Alivua koti, akaufungua ule mzoga, akautoa waya uliooza, akaisuka shaba mpya duru kwa duru kama mtu anayemsuka bintiye nywele za Idi. Akaitia beringi mpya, akaifunga kidhibiti. Alipomaliza akaizungusha kwa kidole na ikateleza bila sauti yoyote. Akaona raha ambayo hakuwa ameiona tangu siku za jalalani. Kisha wakaja watu wa itifaki wakaifunga utepe, wakaiweka ghalani na zile nyingine. Ufunguo wa ghala akapewa yeye.

*

Mkata Utepe Mkuu alikuwa na kazi nyingi. Wiki ile alikuwa anazindua kivuli cha jengo la benki, na wiki iliyofuata mwangwi wa hotuba yake mwenyewe. Mota zikaambiwa zisubiri. Mwezi ukaisha, Waziri akataka taarifa ya maendeleo. Shomvi akaenda kwa watu wa umeme kuuliza mota ndogo zimekula kiasi gani, wakamwambia hazijala kitu. Akauliza tena, wakamwambia, bwana we, mota ziko ghalani kwako, zile wapi?

Akarudi kikaoni akasema kwa sauti ya chini, maana wakati ule alikuwa bado na haya kidogo, kwamba ulaji wa umeme wa mota ndogo umefika sifuri.

Waziri akasimama. "Injinia, unaniambia tumeumaliza ulaji wote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini sababu yake—"

"Sababu waachie wapinzani."

Wakapiga makofi mpaka mikono ikawavimba. Nchi nyingine zilikuwa zinahangaika kupunguza robo, kupunguza theluthi. Utepeni imepunguza yote. Habari zikafika mbali, mpaka kwenye chama kimoja cha dunia kinachokaa nchi ya baridi, wakaandaa tuzo. Na tuzo ikishaandaliwa, nani tena atairudisha mota kazini ikaanze kula? Shomvi akaitwa kando, akaambiwa jina lake liko mezani. Atakuwa mkurugenzi kamili. Atapewa mkasi. Na nyumba ya Kilimani itazinduliwa. Akatoka ofisini anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

*

Huku Shimoni ikaanza harufu. Kisha ukaja mlio, kitu kinagugumia chini ya sakafu kama mtu anayetaka kutapika na hapati. Kisha kikatapika. Kilitokea vyooni, kikaja uani, kikaingia jikoni, cheusi, kizito, kina mapovu yanayopasuka polepole na juu yake inatembea minyoo yenye mikia. Kuku walijifunza kukanyaga utandu wake bila kuzama. Visima vikabadilika rangi. Watu wakala wamesimama, wakalala wamefunga vitambaa puani, na kila asubuhi kulikuwa na mtoto wa mtu anayeendeshwa na tumbo. Jamani, nawaambia niliyoambiwa na waliokanyaga. Mimi mwenyewe nilikwenda mara moja na viatu vile nilivitupa.

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Harufu. Tume ikafika Shimoni kwa magari yenye viyoyozi, vioo vimepandishwa, ikazunguka mtaa mzima, ikatangaza kwamba haikunusa kitu. Neno lile la herufi nne ambalo kila mtu wa Shimoni alikuwa nalo mdomoni likapigwa marufuku, na kuanzia siku ile ikaamriwa yaitwe maji yenye uzoefu.

Shomvi alikuwa akitoka nyumbani na mabuti ya mpira hadi mapajani, viatu vya ofisini kavifunga kwenye mfuko. Akifika penye lami anajimwagia maji ya chupa miguuni, anavaa viatu, anajipulizia manukato shingoni na kwapani, anakwenda kuandika hotuba ya ushindi. Jioni anavua viatu penye lami na kuingia tena.

Bi Siwatu alikuwa hawezi kutembea tena. Kidonda kilifunguka siku ya kwanza tu alipoyakanyaga yale maji akienda kuokoa karai lake. Kitanda kikanyanyuliwa kwa matofali. Maji yakapanda, yakaongezwa matofali. Jirani yake, Somoe, mfua nguo ambaye hakuwa tena na maji ya kufulia, alikuwa akija kumsafisha mguu asubuhi na jioni, na ilifika mahali akikifungua kitambaa hajui harufu ipi ni ya mguu na ipi ni ya nyumba. Shomvi kazi hiyo ilimshinda. Alikuwa akisimama mlangoni anatazama pembeni, anauliza hali.

Jioni moja mama akamwita akae. Hapakuwa na pa kukaa, akasimama kwenye maji.

"Ile mota iko wapi, Shomvi?"

"Ghalani, mama."

"Imepona?"

"Imepona kabisa. Niliitengeneza mwenyewe."

"Na ufunguo wa ghala anao nani?"

Shomvi akaanza kueleza habari za itifaki, ratiba ya Mheshimiwa, utaratibu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na kila alipojitikisa ulikuwa ukigongana na sarafu, na mama alikuwa si kiziwi. Alimwacha akaeleza mpaka maneno yakamwishia.

"Mwanangu," akasema Bi Siwatu, "mimi mavi yako niliyaosha kwa mikono hii na sikukunja uso. Leo wewe umekuwa mkubwa, unaniletea ya mtaa mzima kitandani."

Shomvi aliumia. Msidhani hakuumia. Kesho yake aliingia ghalani peke yake, akaiona mota yake rafuni, akaizungusha kwa kidole ikateleza vilevile. Akainyanyua. Haikuwa na uzito wa kumshinda mtu, ungeweza kuibeba begani mpaka Shimoni, ukaifunga, na watu wakalala pakavu usiku huo huo. Akautazama utepe. Akauona moyoni na ule mkasi wa chuma cha pua alioahidiwa, unavyong'aa, unavyokaa mkononi. Akairudisha mota rafuni taratibu, asije akaikwaruza rangi. Jioni akamwambia mama kwamba alikwenda kuichukua lakini ghala lina askari. Ghala halikuwa na askari yeyote.

*

Mungu si Athumani, wale wa nchi ya baridi wakasema kabla hawajatoa tuzo wanataka kuiona mota moja, moja tu, ikizunguka. Wizarani pakawa na taharuki. Shomvi akauona mlango, akanong'ona: iwe ya Shimoni. Waziri akafikiri juu ya harufu, akafikiri juu ya tuzo, akakubali. Siku ile Shomvi alirudi nyumbani anaimba. Alimwambia mama ajitayarishe, uchafu unaondoka. Moyoni alijiona amepiga ndege wawili kwa jiwe moja, mama kapona na mkasi kaupata, bila kuvunja sheria ya mtu.

Mota ikapelekwa kibandani na utepe wake. Shomvi akaifunga kwenye pampu, akaziunga nyaya tatu za umeme. Sasa hapa nisikilizeni, si jambo gumu. Mota ya namna ile ikishafunguliwa na kusukwa, huwezi kujua itazunguka upande gani mpaka uiguse swichi kidogo, kufumba na kufumbua, uone. Ikienda kinyume, unabadilishana nyaya mbili, basi. Kila fundi wa nchi nyingine hufanya hivyo kabla ya chai. Na pampu ile ilikuwa ya kupokezana: ukiizungusha mbele inasukuma, ukiizungusha nyuma inavuta. Shomvi alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Akaomba ruhusa ya kujaribu.

"Kujaribu ni kuanza," akasema Waziri.

"Ni sekunde moja, Mheshimiwa."

"Ikizunguka sekunde moja imeanza, na ikianza kabla ya Mkata Utepe Mkuu, amezindua nani? Wewe?"

Asubuhi ya sherehe, askari walipokwenda kuonja pilau, Shomvi alibaki peke yake kibandani. Mkono ulikuwa juu ya swichi. Hapakuwa na jicho la mtu. Alisikia vijiko vikigonga sahani nje, akasikia na mapovu yakipasuka chini ya miguu yake. Kisha akawaza, je, kama kuna mtu ataisikia? Halafu akakumbuka kwamba aliisuka vizuri mno, haina sauti, hakuna wa kuisikia. Na bado akautoa mkono. Akajiambia itakwenda mbele ama itakwenda nyuma, na Mungu mkubwa.

*

Wakajenga jukwaa la mbao juu ya uchafu, wakatandika zulia, wakafukiza udi mpaka moshi ukawa mnene kuliko harufu. Wageni walikuja na leso zilizolowekwa marashi. Watu wa Shimoni walipangwa upande wa chini, kwenye maji, wakapewa bendera wazinyanyue, na kutoka jukwaani ndizo tu zilizoonekana. Waziri alikula pilau sahani mbili na paja la kuku, akajifuta mdomo kwa leso ya marashi, akaliita lile eneo kitovu cha matumaini. Mkata Utepe Mkuu akahutubia kwa kirefu juu ya mzunguko: dunia inazunguka, damu inazunguka, na serikali yake pia inazunguka. Mkasi wa dhahabu ukashushwa garini. Utepe ukakatika. Swichi ikabonyezwa.

Mota ikazunguka. Mgeni wa nchi ya baridi akainama na kipimo chake, akaweka sikio, akatabasamu: haina kelele, na umeme inaokula ni kiduchu. Makofi, vigelegele, ngoma. Mkata Utepe Mkuu akaingia garini moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege, kwenda kupokea tuzo.

Shomvi ndiye aliyeona wa kwanza. Shimo la pampu, badala ya kupungua, lilikuwa linajaa. Bomba lilikuwa linatetemeka, na kilichokuwa kinakuja ndani yake kilikuwa kinakuja kwa kasi. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Ilikuwa inalivuta bwawa la nyuma ya mlima, na njiani inakusanya vyoo vyote vya Kilimani, na yote inayamwaga Shimoni. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Shimoni walikuwa wamengoja sana, na sasa chao kikawashukia.

Akamkimbilia Waziri. "Mheshimiwa, inakwenda kinyume. Niizime tu, nibadilishe nyaya mbili, niiwashe. Hata chai haitapoa."

"Uzime nini?" Waziri hakumtazama, alikuwa anapungia magari mkono. "Imezinduliwa. Mkono uliozindua uko angani."

"Atarudi lini?"

"Baada ya tuzo ana likizo."

Askari wawili wakaja wakasimama mbele ya swichi. Waziri ndipo akageuka, akamshika Shomvi bega kwa upendo. "Nyumba yako naizindua mwenyewe saa kumi. Mkasi wako uko kwenye gari langu. Sasa wewe niambie, Injinia, hii mota ina tatizo?"

Paa la nyumba ya mama lilionekana kutoka pale. Shomvi alilitazama. Mimi, laiti ningekuwa na uwezo wa kuibadili hadithi, ningeibadilia hapo hapo. Lakini alisema haina tatizo, akapanda gari.

*

Nyumba ikazinduliwa. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Shomvi akabaki na sofa yake. Akaichana ile nailoni, akakaa, akainuka, akagusa vigae, akafungua bomba likatoa maji meupe. Halafu haja ikambana, akaingia chooni, choo kipya, cheupe, ambacho hakijakaliwa na mtu. Alipomaliza akavuta maji. Kilichokuwamo kikaondoka kwa adabu. Akasimama pale na mkono kwenye kishikio, akisikiliza kinavyoteremka ndani ya bomba, maana yeye alikuwa injinia na alijua bomba lile sasa linaelekea wapi.

Hapo ndipo alipokimbia. Aliteremka Kilimani na soksi. Alipofika Shimoni uchafu ulikuwa umefika madirishani, na mlango wa mama yake haukuwepo, umeng'olewa. Mzee mmoja aliyekaa juu ya paa akamwelekeza kwa kidole njia ya hospitali, akamweleza. Matofali yaliteleza, kitanda kikapinduka, Bi Siwatu akaanguka ndani ya yale maji na kuyanywa. Somoe alimtoa. Majirani wakamlaza juu ya mlango, wakambeba vichwani mpaka hospitali ya taifa, na huko wakapokewa vizuri, wakaonyeshwa mahali sakafuni, kando ya kitanda kipya chenye utepe.

Shomvi alimkuta pale. Uso walikuwa wameshamfunika kwa kanga ya Somoe. Somoe alikuwa amekaa chini, ameloa mpaka shingoni, ananuka, na hakuinuka kumpisha. Alimwambia tu kwamba mama alimwulizia. Aliulizia kama amekula.

*

Makaburi ya Shimoni yalikuwa chini ya maji yenye uzoefu, kwa hiyo serikali kwa ukarimu wake ikatoa nafasi kwenye makaburi mapya ya mlimani, ambayo yalikuwa hayajazinduliwa. Waziri alikuja mwenyewe, amevaa nyeusi. Watu wa itifaki walishafunga utepe kutoka ukingo huu wa kaburi hadi ule, mwekundu, na fundo la ua katikati. Jeneza liko mabegani mwa watu, jua kali, watu wa Shimoni wamesimama na miguu yao iliyobabuka, hakuna anayejua afanye nini.

Waziri akafungua kijisanduku. Mkasi wa chuma cha pua ukang'aa.

"Mkurugenzi," akasema kwa huzuni, "kwa heshima ya mama, utepe wako wa kwanza kuukata uwe huu. Tunakusubiri. Marehemu hawezi kuanza hivi hivi."

Somoe alikuwa karibu, na jembe mkononi. Akasema bila kupaza sauti, "Shomvi, kile ni kitambaa tu. Kisukume kwa mguu, tumzike mama yako."

Shomvi akaupokea mkasi. Ulikuwa mwepesi, na ulimkaa mkononi kama alivyowaza siku zote. Akauweka utepe katikati ya meno ya mkasi, akaubana. Ukakatika vizuri, bila kuacha uzi.

Halafu akanyanyua uso, kwa mazoea, akangoja makofi. Waziri akapiga mawili matatu, akaona yuko peke yake, akaacha. Somoe alitema mate chini, akapiga jembe udongoni. Pakawa kimya, na kwa kuwa pakawa kimya ikasikika kutoka bondeni hata ile mota isiyo na kelele, kwa mbali sana, sauti laini kama ya mtu aliyelala vizuri. Na nisiidhulumu: ilikuwa inakula umeme kiduchu tu.